Kadi ya Bushiri na Kadi ya Kudra

Wengine walikuja Kemambo kufuata dhahabu. Bushiri aliwafuata wenye dhahabu. Alifungua kibanda cha gemu, na wachimbaji wakitoka mashimoni waliingia na vumbi lao kucheza mpira kwenye kompyuta. Alikuwa mtu wa kujisifu, ila alijisifu akitabasamu, kwa hiyo watu walimvumilia.

Alipoleta kadi mpya ya grafiki kutoka Mwanza, ile inayochora picha kwenye skrini, kijiji kizima kilipata habari. Hata mama muuza uji alielezwa kwamba kadi hii haikuongezewa kasi na fundi wa mtaani, bali kiwandani kwenyewe. Mama yule akauliza kama inaongeza na sukari.

Aliyekuwa hasadiki ni Kudra, mke wa kaka yake, aliyehariri video za harusi chumba cha pili cha kibanda hicho. Kadi yake ilikuwa ya kampuni pinzani, ya kawaida tu.

"Shemeji," alimwambia, "ng'ombe mzuri huonekana zizini, si mdomoni mwa anayemnadi."

Bushiri hakuweza kulivumilia hilo. Ijumaa, baada ya swala, wakazijaribu kadi zote mbili kwenye kompyuta moja, kwa mechi ile ile. Mchezaji alikuwa Nchagwa, mchimbaji ambaye hakuna aliyemfunga kibandani hapo. Walimtoa nje kila walipobadilisha kadi, asijue anachezea ipi.

Kadi ya Kudra ilitangulia, picha zikapita vizuri. Ya Bushiri ilipofuata, namba za kasi pembeni mwa skrini zilipanda zaidi, si sana, lakini zilipanda. Bushiri akaanza kupokea pongezi ambazo hazijatolewa. Kisha kadi ikapata joto, na feni zake zikanguruma kama karasha linalosaga mawe.

Walipomuuliza Nchagwa, alijikuna kichwa.

"Mimi naona zote sawa," alisema. "Ila nipeni ile ya kwanza. Hii ya pili nikifunga goli hata mtangazaji simsikii. Nimetoka kwenye karasha asubuhi, nirudi tena kwenye karasha?"

Watu wakacheka. Bushiri akasoma zile namba kwa sauti, mara mbili, lakini wateja walikuwa wameshaanza kupanga foleni ya kadi ya kwanza.

Kudra akaomba naye aijaribu kadi ya Bushiri kwa kazi yake. Video ya harusi moja ya mjini Mugumu, ambayo kwa kadi yake ingemaliza kutengenezwa akiwa ameshakwenda sokoni na kurudi, ilikwisha kabla chai yake haijapoa. Na maharusi wa kwenye video hawalalamikii kelele.

Bushiri aliiona njia ya kujinasua, akaipita kwa heshima zote.

"Shemeji, kwa vile wewe ni ndugu, nakuachia yangu. Mimi nitahangaika na hiyo yako."

"Utahangaika sana, maskini," Kudra alimjibu, akiichomoa kadi ile kabla mwenyewe hajabadili mawazo.

Mpaka leo kibanda cha Bushiri hujaa, na kila mteja mgeni huonyeshwa ukuta wa chumba cha pili: huko, anaelezwa, inanguruma kadi yenye kasi kuliko zote Kemambo, na aliyeileta ni Bushiri mwenyewe.