Mchi wa Shangazi na Zumari la Mchina

"Mninga," alisema mwenye duka la vitanda kabla sijamaliza swali. Dereva wa bajaji akasema mninga. Jirani yetu, ambaye hajawahi kushika randa maishani mwake, naye akasema mninga. Tabora ukiuliza mbao ya kitu chochote, iwe mlango, kabati au jeneza, utajibiwa mninga, tena kwa sauti ya mtu anayeshangaa kwa nini umeuliza. Mimi nilikuwa nauliza mbao ya zumari.

Zumari lenyewe lilikuwa la msimamizi wangu. Nilisoma Kichina chuoni, na nilipomaliza nikapata kazi ya ukalimani kwenye kambi ya wajenzi wa reli, upande wa Tura. Msimamizi, Mchina wa makamo anayepima udongo, alikuja na zumari la kwao: bomba la mbao lenye matundu saba mbele na moja nyuma, juu ulimi wa tete, chini mdomo mpana wa shaba. Kiangazi chetu kikalipasua bomba kutoka juu hadi chini. Shaba ilikuwa nzima, ulimi ulikuwa mzima, lakini pumzi ilitokea ubavuni na sauti ikawa ya mbuzi mwenye mafua.

Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Baba mtu angesafiri kwenda kwao Jumamosi, na harusi ingekuwa kesho yake baada ya kufika. Nilimshauri anunue zumari jingine kwao. Alinitazama kama nimemshauri anunue binti mwingine. Baba yake alipuliza shaba ileile kuwatoa nyumbani dada zake walipoolewa, na sasa ilikuwa zamu yake. Mbao ingeweza kuwa mpya, ila alitaka kuizoea kabla ya siku yenyewe.

"Wewe mwenyeji," aliniambia. "Wewe tafuta mti."

Mwenyeji! Nimekulia mjini, mti ninaoujua vizuri ni mwembe wa shuleni. Lakini nilikubali, kwa sababu mimi hukubali kwanza halafu nalala na hofu.

Fundi pekee niliyemjua mwenye mashine ya kukereza ni Mzaramo mmoja aliyeoa Tabora miaka mingi iliyopita na kubaki. Hapo ndipo balaa lilipo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani haongei na wewe neno nyoofu hata ukimwangukia miguuni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kujisalimisha?"

"Nimekuja kuuliza mbao."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka kwetu pwani, peku. Wewe umebeba simu tu na jasho linakutoka."

Nikamweleza habari ya zumari. Akacheka mpaka akazima mashine. "Hapo umefika kwa wenyewe. Nyie zumari mmelijulia wapi? Zumari ni mpingo. Mpingo mkavu, mzee, mweusi kama roho yako."

Nilirudi nyumbani nikichambua sentensi ile kama mtihani. Roho yangu ilikuwa utani, hilo lilikuwa wazi. Je, mpingo nao? Na ule uzee? Nikaogopa kumrudia kumuuliza, maana angenijibu kwa utani mwingine, na mimi ningerudi na vitendawili viwili.

Kwa hiyo nikabeba vipande vitatu hadi kambini: mninga, mkurungu na mpingo. Msimamizi aliviweka mezani, akakishika kimoja kimoja karibu na sikio na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Mninga aliurudisha upesi. "Hapana. Hii mlango." Mkurungu aliupenda. Ulikuwa mwekundu, rangi ya zumari lake, akaupapasa muda mrefu na mimi nikaomba kimoyomoyo akubali yaishe. Halafu akadondosha tone la maji juu yake, tukakaa kulitazama kama watu wanaosubiri chai ichemke. Tone likazama. "Inakunywa," alisema kwa huzuni. Zumari hupokea pumzi na mate, na mbao inayokunywa huvimba. Mpingo ulilia kama chuma, na tone likasimama juu yake bila kuzama. Akatabasamu. Kisha akanusa upande uliokatwa, tabasamu likafa. Ulikuwa mbichi. Ukikerezwa leo, utapasuka angani kabla hajafika.

Mpingo haukauki kwa kuombwa. Nikasoma kwenye simu habari za kukausha mbao kwa chumvi, kwa mchanga, kwa nta, kila mwandishi akimwita mwenzake mjinga, hadi mama akaninyang'anya chaja.

Nikamrudia fundi. Katika kulalamika, nikasema mpingo pekee wa zamani ninaoufahamu ni mchi wa shangazi yangu, aliopewa na mama yake alipoolewa.

Fundi akavaa kofia, akachukua baiskeli. "Twende."

Shangazi anakaa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini. Alitupokea vizuri, akasikiliza yote, kisha akasema hapana. "Mchi huu umetwanga chakula cha watoto wangu wote. Leo niukate apulize Mchina? Mnunulie filimbi."

Nilishukuru na kuinuka. Fundi naye aliinuka, akautwaa mchi uliokuwa umeegemea kinu, akauweka begani na kutoka nao nje.

"We Mzaramo! Mchi wangu!"

"Mali ya mtumwa wangu ni yangu!" alijibu akiwa ameshafika barabarani. "Tangu lini Mnyamwezi akanibishia mzigo?"

Nilitaka ardhi inimeze. Shangazi hakumkimbiza. Alikwenda taratibu mpaka kwenye baiskeli ya fundi, akaisukuma ndani, akaifunga chumbani na kuuweka ufunguo kifuani.

"Shangazi, umekasirika?"

"Mtani hakasirikiwi."

"Lakini umekasirika?"

"Mwanangu, chuo kimekufanya nini? Nenda kamwangalie asije akauharibu."

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa ruhusa. Siku nzima nilijiuliza kama nimeshiriki wizi, na kama ni wizi, nimtafsirie vipi msimamizi. Nikaamua kumwambia ni zawadi ya familia. Kisha nikaogopa kwamba atakwenda kushukuru.

Akaenda kushukuru. Alifika karakana siku ileile shangazi alipofika kuangalia mchi wake, akamwinamia hadi kiuno. Shangazi akaniuliza, "Ameangusha nini?"

Ncha zote mbili za mchi zilikuwa na nyufa kwa kutwanga. Katikati tu, pale mikono iliposhika, palikuwa pazima. Fundi alikata kipande hicho, na vumbi jeusi likatujaa puani. Alikitoboa kwa kekee, akakikwangua ndani huku msimamizi akimsimamisha kila mara aingize kidole. Walizozana bila lugha. Nilipojaribu kutafsiri, wote wawili walinyanyua mkono ninyamaze.

Ijumaa jioni msimamizi alichomeka ulimi juu na shaba chini, akapuliza. Watu wa soko la jirani waligeuka. Tundu la tatu lilikuwa na kasoro kidogo, sauti yake ikipanda kuliko inavyotakiwa, akajifunza papo hapo kulifunika nusu.

"Anamtoa binti kwa huo?" shangazi aliuliza. Nikamtafsiria. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Shangazi akautoa ufunguo kifuani, akamtupia fundi. "Kachukue chuma chako. Na kinu changu hakitwangi kwa mdomo. Nataka mchi mwingine."

"Wa mninga?" fundi aliuliza, akakimbia kabla hajapigwa.

Baada ya harusi ilikuja video. Niliitazama roho mkononi, sikio langu lote likiwa kwenye tundu la tatu. Sauti yake ilishuka mara moja tu, karibu na mwisho, labda pumzi ilimwishia, labda mpingo ulishaanza kusikia baridi ya kule. Nikamwambia shangazi kwa simu kwamba imekwenda vizuri, isipokuwa pale mwishoni, na nikaanza kumweleza.

"Bibi harusi alikuwaje?" alinikatiza.

Sikuwa nimemwona.

"Mungu wangu," alisema shangazi. "Mchi wangu umekwenda Uchina kumtoa mtoto wa watu, na wewe ulikuwa unaangalia mti. Lete hiyo simu yako hapa kwangu nimwone mwenyewe."