Nyoka Mweusi Kutoka Mumosho

Rangi ya kijani ndiyo iliyonitisha kwanza. Ukimtia nyoka wa kijani kwenye alkoli, baada ya siku chache unamkuta wa buluu, buluu ya midomo ya mtu aliyekufa maji. Mwekundu huwa majivu. Wa kahawia hufifia mpaka usijue alikuwa nani. Ndiyo maana niliajiriwa, miaka ile ya Zaïre, katika nyumba moja ya utafiti huko Muhumba, mtaa wa kando ya ziwa: kumchora kila nyoka akiwa hai na kuandika rangi zake kabla chupa haijazila. Nilikuwa nimetoka lycée, shule ya sekondari, mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye brashi, na nilijiona sana.

Aliyewashika nyoka alikuwa mzee wa mtaa wa Kadutu tuliyemwita Papa. Hakujua kusoma, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini vidole vyake sijaviona kwa mtu mwingine. Alimkamata nyoka nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, taratibu, kama anayechukua yai chini ya kuku. Kabla hajagusa, nyoka aliingizwa kwenye bomba la kioo, nami nikahesabu safu za magamba katikati ya mwili na kulitazama jicho kwa lenzi. Nikishasema ni nyoka gani, ndipo Papa alipoingiza mkono.

“Rangi iko nguo tu,” alikuwa akiniambia. “Batu banabadilisha nguo. Wewe hesabu magamba.”

Nilicheka, maana nchi nzima ilikuwa imebadilishiwa jina na nguo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefanywa citoyenne, ‘mwananchi’, bila kuulizwa.

Mwaka ule mkubwa wetu wa kazi alimtaka nyoka wa panya, yule asiye na sumu anayeingia ghalani kuwinda. Ni aina moja, lakini usingeamini. Tulipata wekundu wa rangi ya tofali, tukapata wa kahawia, tukapata wa rangi ya majani makavu. Wengine walikuwa na mistari miwili ya rangi ya maziwa iliyopita jichoni, wengine hawana hata mmoja, na watoto wao walikuwa na madoa yanayofutika wakikua. Michoro yangu niliibandika ukutani. Alasiri ukungu wa ziwa ulipopanda na chumba kuwa kijivu, nilihisi kwamba mnyama mmoja ananitazama kwa nyuso nyingi, na mara kadhaa nilihamisha kiti ili niupe ukuta mgongo. Halafu mgongo ndio ukasisimka zaidi.

Mweusi kabisa hatukuwa naye. Niliacha nafasi yake ukutani, na kila asubuhi ile nafasi tupu ilinikera.

Akaja. Mama mmoja wa Mumosho alimchimbua akilima mihogo, akamleta kwenye kikapu kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa mweusi wa kung’aa. Ndani ya kioo alikunja shingo, pua ikaelekea chini, akabaki hivyo kama mtu anayesali. Nyoka wa panya hafanyi hivyo. Jicho lake lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, si jicho la nyoka wa panya. Nililiona. Sitajificha nyuma ya mvua iliyokuwa inakuja: nililiona. Nilianza kuhesabu, akajigeuza, hesabu ikanipotea kwenye kumi na mbili. Nikaanza tena, ikapotea kwenye kumi na tano. Mwanga ulikuwa unaondoka na mimi nilitaka rangi zile.

“Umehesabu?” Papa aliuliza.

“Nimehesabu, Papa. Iko ya panya, ile yenyewe. Shika tu.”

Alimshika vizuri, nyuma ya kichwa. Nyoka hakufungua kinywa. Hilo ndilo ninaloliota hadi leo: kinywa kilichofungwa, kichwa kinageuka kidogo tu kati ya vidole, na Papa anasema “Eh” kwa sauti ya chini, kama aliyekumbuka jambo. Kwenye kidole gumba palikuwa na tone moja la damu. Kuna nyoka wa ardhini ambaye jino lake hutoka pembeni mwa midomo iliyofungwa, na huyo hashikiki shingoni. Nilikuwa nimemsoma kitabuni.

Wengine walimkimbiza Papa hospitali. Nyoka alikuwa amepondwa sakafuni, na mimi nikakaa naye, nikahesabu. Safu ishirini na tano. Wa panya ana ishirini na tisa. Niliandika ukweli kwenye rejista, ambayo Papa hangeweza kuisoma.

Kidole kilipita rangi zote, zambarau, kijani, mwisho nyeusi, madaktari wakakikata. Nilikwenda kumwungamia Papa. Lakini yeye ndiye aliyeanza kunifariji.

“Mutoto yangu, usilie. Wewe ulihesabu bien. Kumbe nyoka ya panya nyeusi iko na sumu, hatukujua.”

Nikasema, “Ndiyo, Papa.”

Mtu aliyekuwa akiwanyang’anya majirani fimbo, akiwaambia nyoka wa panya ni paka asiye na miguu, sasa alipita nyumba hadi nyumba Kadutu akionyesha mkono wake wa vidole vinne. Nani abishane na mkono ule? Wakaanza kuua weusi, kisha kahawia iliyokoza, kisha nyoka yeyote aliyelala kivulini. Waliniletea kwenye ndoo, kwa heshima, nichore. Nilihesabu: ishirini na tisa. Ishirini na tisa. Ukuta wangu ukajaa weusi niliowataka, na Kadutu panya wakatoboa magunia ya unga mchana kweupe.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka minane.

Papa alikuwa amepofuka nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, akiwa ameketi barazani kwake. Wajukuu walikuwa wameua mweusi mwingine, wakamletea wakijisifu. Alimlaza mapajani, akapitisha vidole mwilini mwake polepole, kwenda na kurudi. Akarudi tena katikati.

“Nihesabie,” akasema.

Nikahesabu kwa sauti. Ishirini na tisa.

“Na ile yangu?”

“Ishirini na tano, Papa. Siku ile sikuhesabu. Nilikudanganya.”

Vidole vilisimama. Nilingoja laana, na ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini hakuuliza habari ya kidole chake.

“Sasa hizi zote batu baliua juu ya maneno yangu,” akasema, “zilikuwa ngapi?”

Nilijua. Nilikuwa nimewachora wote, mmoja mmoja. Nikamtajia idadi. Akasikiliza, akaniomba niondoke.