Sepeto Mlangoni kwa Bibi Jirani

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mikorosho yangu ya Mandawa, Ruangwa, ilimsomesha mwanangu mpaka akapata kazi Ujerumani, akanichukua nikaishi naye.

Kilichonishangaza huko ni majirani. Wanapishana kimya kama wamegombana. Ni bibi mmoja tu wa nyumba ya pili aliyenipungia mkono kila asubuhi. Halafu wiki nzima sikumwona. Jumamosi nachungulia dirishani, magari yamejaa kwake, watu wanaingia na nguo nyeusi, wameshika maua, hakuna anayepaza sauti. Nikasema basi, bibi wa watu katutoka.

Sasa kwetu Ruangwa, mwanamume asiyechimba kaburi la jirani, yeye atazikwa na nani? Mwanangu alikuwa anaoga, sikumngoja. Nikachukua sepeto, nikaenda, nikagonga, kichwa nimeinamisha.

Aliyefungua ni bibi mwenyewe, kavaa gauni jeusi, midomo kaipaka rangi. Nyuma yake keki inawaka mishumaa.

Mwanangu akaja mbio, povu bado kichwani. Akaongea na bibi, kisha akanigeukia.

"Baba, leo anatimiza miaka themanini. Anauliza, sepeto la nini?"

Ukumbi mzima unanitazama mimi.

"Mwambie nimekuja kumlimia bustani."

"Bustani gani, Baba, na udongo umeganda kwa baridi kama jiwe?"

Bibi akalitazama sepeto, akawatazama wageni wake na nguo zao nyeusi, akaelewa kabla mwanangu hajatafsiri.