Gitaa la Kanisa na Waya wa Kuanikia Nguo

Wanakwaya wenzangu wa hapa Bwera wakinionea huruma huniita Mzee Thembo, lakini siku nyingi huniita Tangazo, na sina pa kulalamikia, maana jina hilo nilijitafutia kwa mikono yangu hii, mchana kweupe, mbele ya kanisa lililojaa watu kule Kasese. Aibu ni yangu, basi afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia ikisimuliwa vibaya (kuna mmoja anadai nilirushwa na umeme hadi dirishani, huo ni uongo).

Mke wangu, Mama Masika, ndiye kiongozi wa kwaya yetu. Alikuwa ametunga wimbo wa shukrani kwa lugha yetu ya Lhukonzo, na ndani yake aliweka kitu ambacho sijakikuta katika kwaya nyingine yoyote ya huku kwetu: kabla ya Amina ya mwisho sauti zote na gitaa vinakatika pamoja, sisi sote tunainua mikono juu, kanisa linabaki kimya kabisa, kisha Amina inaanza taratibu kutoka kwa sauti za chini. Wimbo huo ndio tulikuwa tunaupeleka kwenye mashindano ya kwaya Kasese, na wimbo utakaoshinda ungefundishwa katika makanisa yote ya wilaya, ukiwa na jina la mtunzi wake. Kwa mwanamke ambaye ametunga nyimbo maisha yake yote akichambua maharage, bila mtu kuuliza ni za nani, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa, mashindano yamekaribia, waya wa gitaa ukafa. Kule, mpiga gitaa wetu, akauzungusha, akaukunja, akaubana kwa goti, gitaa likakohoa kidogo na kunyamaza. Akasema tuagize mwingine kutoka mjini. Hapo mdomo wangu ukatangulia. "Tuagize waya?" nikasema. "Mimi nilikuwa fundi wa simu jeshini, nimefunga laini msituni mvua ikininyeshea, leo nishindwe na waya wa gitaa? Niachieni mimi."

Yote yaliyofuata yalitoka katika hiyo "niachieni mimi."

Nilishuka Mpondwe sokoni kutafuta vile vichwa vya chuma vinavyoingia kwenye gitaa na kwenye amplifaya, ambavyo hapa mpakani tunaviita fishi kama Wakongo wanavyoviita. Mama mmoja wa Kongo alikuwa amezimwaga juu ya gunia, za kila namna: nyingine nzito, nyeusi, zimekaa kama misumari ya reli, na nyingine nyembamba zinazong'aa kama meno ya dhahabu. Nikazishika zote. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa kijana anayechagua viatu vya harusi, nawaambieni ukweli, kwa sababu tangu nistaafu sikuwa nimeshika kazi ya waya.

"Papa, chukua hii ya kungaa," yule mama akasema. "Mutu anaona fishi kwanza, muziki inakuya nyuma."

"Na hii nyeusi?"

"Ile iko nguvu, lakini iko mubaya kwa macho. Unaenda mu kanisa ama unaenda mu garage?"

Nikachukua zinazong'aa. Kuhusu waya wenyewe sikuhangaika, maana nyumbani tulikuwa na ule waya mweusi wa simu za jeshi, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, ambao nusu ya Bwera tunautumia kuanikia nguo kwa jinsi usivyokatika. Nikajua huo ndio mwanamume wa nyaya zote. (Kwamba waya wa gitaa unatakiwa uwe na shaba iliyosukwa kuuzunguka pande zote, ili makelele ya nje yasiingie, hilo niliambiwa baadaye, na watu wengi sana, bila kuombwa.) Nikakata kipande kwenye kamba ya Mama Masika, mashuka yake nikayahamishia kwenye ua.

Chuma cha kulehemu nilikipasha moto kwenye sigiri ya makaa, kando ya sufuria ya maharage. Fishi ina kofia yake, na hiyo kofia lazima uipitishe kwenye waya kwanza, ndipo uchomelee, kwa sababu ukishachomelea haipiti tena. Nilichomelea vizuri mno, risasi ya kulehemu ikatulia inameremeta, nikainua kazi yangu niitazame kwenye mwanga, na kofia nikaiona imekaa mezani inanitazama. Nikabandua, nikaanza upya. Upande wa pili nikarudia kosa lile lile, nikabandua tena, plastiki ikaanza kuyeyuka, na niliporudisha mara nyingine (hamtaniamini) kofia ilikuwa bado mezani. Nikasema yatosha. Huo upande nikauzungushia kipande cha mpira wa baiskeli, na hata huo haukufika mwisho, chuma kidogo kikabaki wazi.

Kisha nikapima kijeshi: betri huku, balbu kule. Balbu ikawaka. Jeshini balbu ikiwaka unaripoti laini ni nzima, unakwenda kula. Kuupima na gitaa lenyewe sikuona haja, tena nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza, kwa hiyo waya niliuviringisha, nikaufunga utepe na kuuweka mfukoni hadi Kasese.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje, na mnara wa redio ulikuwa umesimama jirani kabisa. Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa kasisi wa kambi ya jeshi, amevaa magwanda yenye nyota mabegani, na mimi nikiona nyota mgongo hunyooka wenyewe. Tukaitwa. Nikautoa waya wangu, fishi ya dhahabu ikameta, wenzangu wakapiga makofi. Mama Masika akanitazama na kutabasamu. Nikamchomekea Kule gitaa, nikachomeka na amplifaya, nikawasha.

Kwanza zikaja sauti kama za nyuki waliochokozwa. Halafu, ndani ya nyuki, akatokea mwanamume anasalimia wasikilizaji wake wa Kiswahili, kwa furaha sana, akiwatakia mchana mwema popote walipo.

Watu wakageuka kumtafuta. Mimi nikakimbilia amplifaya, nikaikamata ile fishi isiyo na kofia, na mara tu vidole vyangu vilipogusa chuma, mtu wa redio akanyamaza. Nikaiachia, akarudi. Nikaishika, kimya.

"Wewe mzee," kasisi akasema, "ni nini hiyo?"

"Afande, ni laini, afande."

"Ukishika inanyamaza?"

"Ndiyo, afande."

"Basi shika. Usiachilie. Kwaya, endelea."

Nikapiga magoti pale mbele, mzee mwenye mvi na suti, nimeshika waya kama mtu aliyekamata nyoka shingoni, na kwaya ikaimba juu ya kichwa changu. Na iliimba, jamani. Sijawahi kuisikia ikiimba vile. Watu wa kwaya ya Rukoki waliokaa mbele walikuwa wanayumba, kasisi mwenyewe alikuwa anatikisa kalamu, na mimi nikaanza kuimba sauti yangu ya chini nikiwa pale pale sakafuni, machozi yananilenga, nikijua mke wangu ameshinda.

Tukafika mwisho. Sauti zikakatika, gitaa likakatika, mikono yote ikainuka juu.

Na yangu pia.

"Mzee, mkojo unakusumbua?" kanisa likaulizwa, kwa sauti safi isiyo na nyuki hata mmoja. "Unaamka kila saa? Usione haya. Dawa yetu ya mitishamba..."

Nilipoikamata tena fishi, jamaa wa redio alikuwa ameshafika kwenye matokeo ya dawa. Kanisa lilikuwa limepasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega, mama mmoja alikuwa amelala kwenye benchi, na kasisi alikuwa amefunika uso kwa kofia yake ya kijeshi, inatikisika. Mama Masika hakugeuka. Aliacha mikono yake juu, akangoja, akangoja hadi kicheko kikapungua, ndipo akaishusha na kuiita Amina. Wakaiimba. Nusu yao walikuwa bado wanacheka.

Wimbo uliochukuliwa ulikuwa wa kwaya nyingine. Nilimfuata kasisi nje, nikasimama sawasawa, nikamwambia kosa ni langu peke yangu, kwaya haina hatia, waisikilize tena bila gitaa.

"Kosa nimelisikia, mzee," akasema. "Lakini kila kwaya inaimba mara moja. Mrudi mwakani. Na wewe," akanitazama suti, magoti yakiwa na vumbi, "uende kwa daktari, usitumie ile dawa."

Tukafika nyumbani. Mama Masika alisimama mbele ya kamba yake iliyokatwa, akasema polepole, "Baba Masika, wimbo wangu ulikuwa na kimya kimoja tu. Kimoja. Ukakitilia mdomo."

Ningepigwa fimbo ingekuwa afadhali.

Jumapili iliyofuata aliuongoza wimbo hapa hapa Bwera, bila gitaa. Ilipofika pale pa kunyamaza, kwa mara ya kwanza nikakisikia kile kimya (kwenye mazoezi kichwa changu kilikuwa kimejaa fishi na risasi). Kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani. Nilisikia mtu akimeza mate, nikasikia lori likipumua mbali kule mpakani, halafu Amina ikaanza chini, na nikaelewa nilichomharibia mke wangu.

Basi nimeapa. Simlehemii mtu kitu tena bila kukipima na chombo chake, na mtu akisema tununue, mimi ndiye wa kwanza kuunga mkono. Mwakani tunarudi Kasese. Waya umenunuliwa, umejaribiwa, na Mama Masika amenihamishia mimi safu ya nyuma, mbali na chochote chenye umeme. Nimekubali. Nitainua mikono yote miwili, na itakuwa mitupu.