Samaki wa Kunyang'anywa

Mtani wangu aliletwa kwangu asubuhi kwa bodaboda, amefungwa kwa shuka kiunoni mwa dereva ili asidondoke njiani. Kutoka Mlali kupanda hadi kijijini kwetu barabara ni kona na makorongo mtindo mmoja, na mwili wake ulikuwa umekwisha kiasi kwamba hakuweza tena kujishikilia. Dereva, kijana mwenye koti zito la mvua, alisimama uani kwangu bila kujua kama afungue fundo au angoje ruhusa.

"Umeona, mtani?" mgonjwa akasema kutoka mgongoni mwake. "Nimepata mume mpya. Na huyu nimemfunga kabisa, asije akanikimbia kama wako alivyokukimbia."

Mume wangu hakunikimbia, alikufa. Lakini kwa watani hata marehemu ni halali.

"Mfungue upesi, kijana," nikasema, "kabla harufu yake haijaingia kwenye koti lako. Hiyo haitoki kwa sabuni."

Yule kijana alinitazama kama anayemtazama mchawi. Hakuwa mtu wa huku.

Ukoo wa mgonjwa huyu na ukoo wangu ni watani tangu kabla ya mama zetu kuzaliwa, na kwa kuwa wapo watakaosoma haya bila kuujua utani wa milimani, nitaueleza mara moja. Kwa watani hakuna kukasirika. Hakuna samahani, hakuna pole, hakuna asante. Mtani akitaka kitu chako hakuombi. Huja akakichukua, nawe humtukana huku ukimwacha aende nacho. Ukifiwa, yeye ndiye anayeshuka kaburini kabla ya maiti, akajilaza humo na kugoma kutoka mpaka alipwe, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Mimi ni mtu mkavu. Wanangu wananiogopa, wajukuu hunyamaza nikipita, wala sioni kosa katika hilo. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuniita gome la mti mbele ya waumini wanaotoka misani, naye ni huyu.

Kilichomleta ni samaki. Juu ya msitu wetu, mahali ambapo mianzi inakwisha na nyasi zinaanza, kuna ziwa dogo. Wazungu walioishi huku zamani waliona maji yake ni ya baridi kama ya kwao, wakaleta samaki wa kwao wakamwaga humo: trauti, mwenye madoa mgongoni na mstari mwekundu ubavuni. Mimi na mtani wangu tulikuwa wasichana tuliowabebea mizigo hao waliopanda kuvua. Tulisimama kando, tukatazama mikono yao. Wao wakaondoka nchini, samaki wakabaki, na mikono yangu ikakumbuka.

Tangu hapo, kila mwaka tulipomaliza kuvuna njegere, tulipanda sisi wawili. Mvuvi nilikuwa mimi. Yeye hakuweza kuvua kwa sababu hakuweza kunyamaza. Alikaa kwenye nyasi akipiga soga na mawingu, na alipoona kikapu changu kimepata kitu, aliaga kwamba anatangulia kupika. Hakuwa anakwenda kupika. Alikwenda kujificha penye njia nyembamba, na nilipofika aliruka mbele yangu akapaza sauti, "Ushuru wa ukoo wetu!", akakishika kikapu, akachagua samaki aliyenona kuliko wote, akakimbia naye. Nilimtukana mlima mzima. Hivyo ndivyo alivyokula trauti maisha yake yote. Sikuwahi kumpa samaki hata mmoja kwa mkono wangu.

Binti yake alikuwa amenipigia simu siku chache kabla. Hospitali ya mjini ilikuwa imemrudisha mama yake nyumbani, uvimbe wa tumboni umekwisha kusambaa, na chakula hakikai. Alikuwa ameacha kuomba chochote, hata maji mpaka apelekewe. Kisha asubuhi moja akasema anataka kupandishwa mlimani ili aninyang'anye trauti kwa mara nyingine.

"Nakuomba, mama," binti akaniambia, "nunua perege hapo sokoni, umchome, umwambie ndiye. Hataweza kupanda."

"Mama yako anakufa," nikamjibu. "Hajawa mpumbavu."

Nilijibu kwa ukali kwa sababu nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia. Tangu goti langu liharibike sikuwa nimefika ziwani, na niliyoyasikia kutoka kwa waliofika hayakunifurahisha.

Tulianza kupanda jua likiwa bado halijavuka kilele. Alishika fimbo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Njia yetu hupita katikati ya matuta ya kabeji na viazi, na kila tulipomaliza tuta moja alikaa.

"Mlima umekua, mtani," akasema. "Mmekuwa mkiutilia mbolea?"

"Mlima uko pale pale. Wewe ndiye unayezama."

Alicheka mpaka akajishika tumbo. Kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akainama, na mimi nikaelekeza macho kwenye viazi vya watu mpaka kilipopita, kwa kuwa pole haikuwa na nafasi baina yetu.

Wanawake walioteremka na mizigo ya mboga kichwani walisimama kutuamkia. "Shikamooni, bibi zetu. Mnakwenda wapi na hali hiyo?"

"Nampeleka huyu nikamtupe," nikasema. "Nyumbani amekosa soko."

"Msimsikilize," naye akasema akihema. "Anakwenda kutafuta meno. Alisikia huko juu wanagawa."

Wakacheka, wakatupisha. Nilifikiri: mwenye ulimi huu bado yupo. Nilifikiri pia kwamba samaki mmoja angetosha kumweka hivyo hivyo mpaka mwisho wake, mwizi na mtukanaji kama alivyozaliwa, badala ya kuisha kitandani kama mshumaa. Hilo ndilo nililolitaka. Sikutaka apone, sikuwa mtoto.

Msitu zamani ulitushukia hadi chini. Sasa mashamba yameusukuma juu, na tulipoufikia mti wa kwanza alikuwa hana pumzi. Akakaa juu ya mzizi.

"Zamu yangu ni hapa," akasema. "Mwizi hapandi mpaka juu. Mwizi hungoja."

Nikamtandikia gunia, nikamwachia chupa ya uji, nikamwambia asiumalize msitu kwa kusema nao. Nikaenda.

Ziwa bado ni zuri, na ninalisema hili kwa uchungu. Ukitokeza kwenye mianzi unaliona lote kwa pamoja, vilima vya nyasi vimelala ndani yake kichwa chini, na ukungu unapita juu yake. Kulikuwa na vijana wa mjini waliopanda kwa matembezi, wana mabegi mgongoni na viatu vya kazi hiyo, wakipigana picha.

"Shikamoo, bibi! Pazuri mno huku. Mna bahati kuishi mahali kama hapa."

"Marahaba," nikasema, nikapita.

Kwa karibu, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Udongo wa mashamba mapya ya huko juu ulikuwa umeingia humo mvua baada ya mvua na kukaa. Pale kijito kinapoingilia, mipira myeusi ya kumwagilia ilikuwa imelala sambamba, vinywa vyake ndani ya maji, mikia yake ikivuka kilima kwenda kwenye kabeji. Mwanamume mmoja alikuwa akisuuza pampu ya kupulizia dawa, na povu jeupe lilikuwa likimzunguka miguuni. Aliniamkia kwa adabu. Nikamwuliza habari za trauti.

"Hao, bibi, niliwasikia kwa marehemu baba," akasema. "Mimi hapa hata kiluwiluwi sijamwona."

Sikuwa na la kumlaumu. Ana watoto, na kabeji haisubiri. Mwanangu mwenyewe ana mpira wake kwenye kijito hicho hicho.

Niliufuata mwamba ambao chini yake zamani maji ya baridi yalikuwa yakiingia na ambapo samaki walipenda kusimama. Nikatia mkono. Yalikuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Trauti hawezi kukaa katika maji kama hayo. Nilijua tangu hapo. Hata hivyo nilifunga mshipi kwenye ufito, nikatia nyungunyungu kwenye ndoano, nikatupa, kwa sababu chini msituni kulikuwa na mtu aliyejificha akiningoja. Nyungunyungu alipolainika nikamwondoa, nikatia panzi. Nikahamia upande wa pili, nikarudi. Wale vijana walikuja kunitazama, mmoja akanyanyua simu anichukue video. Nikamtazama, akairudisha mfukoni. Walipoondoka nilibaki na mwenye pampu, kisha na yeye akaondoka, nikabaki na ziwa. Mshipi haukuguswa. Si kuguswa na kuponyoka, la. Haukuguswa.

Nikiteremka niliona ni lazima nitafute tusi. Kikapu kitupu peke yake kisingepokelewa, lakini kikapu kitupu chenye tusi zuri kingeweza kupita. Nililijenga polepole, neno kwa neno, kwenye mianzi yote: kwamba samaki walipata habari kwamba mwizi mkongwe yuko njiani, wakafanya kikao, wakahama wilaya, na mwenyekiti wao ameacha ujumbe kwamba watarudi siku wakisikia amezikwa. Nililiona ni tusi bora kuliko yote niliyowahi kumtukana. Nililirudia lisinitoke.

Nilimsikia kabla sijamwona. Pumzi yake ilikuwa na sauti. Alikuwa ameacha gunia na kujikokota hadi nyuma ya mti usiotosha kumficha, na nusu ya gauni lake ilikuwa nje. Nikatembea kwa mwendo wangu wa kawaida, nikitazama mbele, kama nilivyotembea miaka yote. Hakuruka. Alijiachia tu kutoka kwenye mti, akaniangukia, na mkono wake ukapata mpini wa kikapu.

"Ushuru," akasema. Sehemu iliyobaki hakuwa na nguvu nayo.

Nikamwachia kikapu. Akakifunua. Akatazama, kisha akatia mkono na kupapasa chini yote, taratibu, kona hadi kona, kama anayetafuta sindano. Akakifunika.

Nilikwisha kufungua mdomo niseme habari ya kikao cha samaki. Yeye akaniwahi.

"Asante, dada," akasema. "Umejichosha kwa ajili yangu. Pole sana."

Angenizaba kofi ningeona ni utani. Nilisimama pale njiani na maneno yangu mkononi kama mgeni aliyefika msiba usio wake. Kisha nikayasema, yote, bila kukosea neno: mwizi, kikao, wilaya, mwenyekiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu kama mtu anavyomchekea padri anapojaribu kuchekesha.

Wanaume waliokuwa wakitoka shambani walimbeba mgongoni kwa zamu mpaka kwangu. Alimshukuru kila mmoja.

Sasa yuko Mlali, chumbani kwa binti yake. Kila Jumapili baada ya misa naomba nafasi kwenye lori la mboga, nateremka kumwona. Naanzia mlangoni kwa sauti ya kuwatoa majirani nje.

"Bado tu hujafa? Nimeshashonesha nguo ya sherehe, unanitia hasara!"

"Karibu, dada," husema kutoka kitandani. "Keti. Watoto hawajambo?"

Binti yake hugeukia ukutani.

Nimejaribu kila njia. Nilimwibia chupa yake ya chai, hakuiulizia. Nilichukua kanga yake mpya kwenye kamba, nikaivaa mbele ya macho yake, nikaondoka nayo nikipiga vigelegele, mimi ambaye hata harusini sipigi vigelegele. Jumapili iliyofuata nilikuta ameagiza nipewe na kipande cha pili, kwa kuwa kanga ni doti, isije ikaniharibikia ikiwa moja. Nimeipokea. Ningefanyaje?

Juzi wazee wa ukoo wake walimtuma mtu kwangu. Waliona ni adabu kuniuliza mapema kama siku itakapofika nitaweza kushuka kaburini na kuwachekesha watu, maana wanajua habari ya goti langu, na ikibidi watamtafuta mtani mwingine aliye kijana. Nilimwambia yule mjumbe awaambie nitashuka mwenyewe. Aliondoka ameridhika. Tangu hapo natafuta maneno ya siku hiyo, shambani na jikoni, na kila ninalolipata, kabla sijalimaliza, namsikia mtani wangu akilijibu kwa upole.