Pengo la Sufuria

Kosa langu la kwanza kwenye lango lile lilikuwa kunyoosha chuma ambacho hakuna aliyeniambia nikinyooshe.

Nilikuwa nimeitwa kukwangua kutu na kupaka rangi tu. Nyumba ni ya zamani, hapa mjini Eldoret, ina ukuta wa matofali mekundu na lango la chuma kilichofuliwa kwa nyundo, lenye mapambo yaliyojikunja kama vikonyo vya malenge. Nilijifunza uchomeleaji kwa kutazama video kwenye simu, na katika kila kazi naogopa mtu atasema, "Huyu hakusomea." Sasa fito mbili, usawa wa kifua, zilikuwa zimeachana. Zilinikera siku nzima. Jioni nikazipasha moto wa gesi, nikazigonga mpaka rula ikakubali.

Asubuhi nilimkuta mama mwenye nyumba langoni na sufuria mkononi. Nje alisimama muuza maziwa wake kutoka Kesses.

"Fundi, pengo langu liko wapi?"

"Nimelinyoosha, Mama. Lilikuwa limepinda."

"Nani alikuambia limepinda?"

Muuza maziwa alicheka. "Leo nimimine kwa tundu la kufuli?"

Kumbe marehemu mumewe ndiye aliyezipanua fito zile, sufuria ipite bila lango kufunguliwa. Likifunguliwa kidogo tu, mbwa wa Mama anatoroka hadi mtaa wa Munyaka.

"Rudisha vile ilikuwa," Mama alisema, "ama niite fundi mwingine."

Hilo ndilo lango la kwanza nililopewa ambalo watu wangeliona kila siku wakipita. Nikawasha gesi tena. Nilikunja kidogo, nikapoza kwa maji, Mama akajaribu sufuria.

"Bado. Ukingo unagusa."

Pengo lilitoka kombo, kwa sababu sufuria yenyewe imebonyea upande mmoja. Nilitamani sana kuigonga hiyo sufuria. Nikagonga fito tu, mpaka sufuria ikapita.

Kesho yake maziwa yalipita bila kumwagika, na chai ya kwanza nikapewa mimi.

"Kunywa, fundi wa kunyoosha," Mama alisema.

Kando ya lango kuna tofali lililolika, pale muuza maziwa huegemeza kiwiko akingoja. Nilikuwa nimepanga kuliziba kwa saruji. Nililiacha.

Rula bado natembea nayo. Lakini siku hizi, kabla ya kunyoosha chochote, namuuliza mwenyewe kwanza kama kimepinda.