Kijiko cha Eilert

Wifi yangu Gesche Poppinga ameozesha mabinti wa kifalme wengi kuliko mchungaji yeyote ninayemjua, na wote kawaozesha akiwa amekaa jikoni kwake, kwenye kiti chenye mto wa sufu. Ndiye mwandishi wa vile vijitabu vyembamba vya mapenzi vinavyouzwa kwenye vibanda vya magazeti stesheni, vyenye kasri kwenye jalada na msichana mwenye gauni la kuburuza. Jina lake halimo. Jalada linasema Viola von Lindenhorst, na wasomaji humwandikia huyo Viola barua za kumshukuru. Kumbe Viola ni mama wa miaka sitini na kitu, ana goti bovu, na anakaa nyuma ya tuta la mto karibu na mji wa Leer, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Kazi yake ina kanuni. Ukutani, juu ya meza, kabandika karatasi aliyopewa na mhariri wake miaka mingi iliyopita: safari ya shujaa, vituo kumi na viwili. Binti anaitwa, anakataa, anapata mshauri, anavuka kizingiti, anajaribiwa, anaingia pangoni, anatoka na zawadi, na zawadi yenyewe ni bwana harusi. Chini ya vituo kuna sura za watu: Shujaa, Mshauri, Mlinzi wa Kizingiti, Kigeugeu, Kivuli, Msaidizi. Kila anayeingia hadithini hupewa sura yake, na akishapewa ndiyo hiyo hiyo mpaka harusi.

"Ni kama keki," alinieleza. "Unga na mayai ni vilevile. Unabadilisha matunda tu."

Ubaya ni kwamba alitupanga na sisi. Mchungaji wetu alikuwa Mshauri. Mwenye duka la mikate alikuwa Kigeugeu, maana leo anakuchekea na kesho hakujui. Na mimi Hiske, dada wa mume wake, niliyempelekea supu kila alipougua, alinifanya Mlinzi wa Kizingiti.

"Huyo ni nani?" nikamuuliza.

"Yule anayesimama mlangoni akazuia watu wasipite."

"Asante sana, wifi. Basi nirudishie sufuria yangu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Hiyo ilikuwa zamani, kaka yangu Ubbo akiwa hai.

Ubbo alianguka uani akipanga kuni, akafa kabla daktari hajafika. Mimi nililia mpaka sauti ikanikauka. Gesche hakulia. Alipika chai ya wafiwa, akakata keki, akapeana mikono na kijiji kizima, na wiki iliyofuata akarudi kwenye meza yake. Nilimkasirikia, sitaficha. Kisha nikamwangalia vizuri nikaona hakuwa na ukatili wowote. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anajigusa shavu na hajui kama ni lake. Chakula alikula. Maua aliyamwagilia. Ukimwuliza, "U hali gani, wifi?" anakujibu, "Sina hali," kama anayekwambia mvua haijanyesha.

Na huku mabinti zake wanazidi kupendwa! Ukurasa wa kumi moyo unadunda, ukurasa wa thelathini magoti yanalegea. Nikamwuliza anawezaje kuandika hayo wakati yeye mwenyewe hasikii kitu.

"Mpishi aliyeshiba hapiki?" akanijibu.

Katika ganzi hiyo ndipo Eilert Buss alipoingia. Eilert alikuwa mwendeshaji wa milango ya kuzuia maji kwenye tuta, mgane wa siku nyingi, mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha kwetu, na sisi si watu wa kusema. Alianza kwa kuja kumaliza zile kuni za Ubbo zilizobaki uani, maana Gesche alikuwa hazigusi. Alhamisi iliyofuata alikuja kuziba bomba. Baada ya hapo akawa anakuja kila Alhamisi, kuna kilichoharibika au hakuna, na Gesche anampikia chai.

Chai yetu haikorogwi. Jiwe la sukari chini, chai juu yake, krimu pembeni, unakunywa hivyo hivyo mpaka uifikie sukari. Kijiko kiko pale kwa kazi moja tu: ukitosheka, unakitia ndani ya kikombe. Usipokitia, mwenyeji anamimina tena. Vikombe vitatu ni haki ya mgeni. Cha nne ni ulafi, au ni jambo jingine.

Eilert alikuwa hatii kijiko. Nilikuwapo mara nyingi, nimeona kwa macho yangu. Cha nne, cha tano, cha sita, uso umemwiva kwa moto wa chai, kijiko kimelala kwenye sahani. Alikunywa mpaka giza likaingia, kwa sababu kijiko kikiingia kikombeni lazima mtu ainuke aende kwake. Mtoto mdogo angeelewa.

"Eilert anapenda sana chai," Gesche akaniambia.

"Wifi," nikasema, "wewe unaishi kwa kuandika mapenzi."

"Basi?"

"Basi yule mzee atapasuka kibofu jikoni kwako, na wewe huoni?"

Akatazama karatasi yake ukutani. "Eilert ni Msaidizi," akasema. "Msaidizi haoi. Mwisho wa hadithi anapewa farasi mpya."

Niliondoka, maana ningekaa ningesema neno la kunijutisha.

Mwezi wa tisa Eilert alinisimamisha kwenye uzio. Binti yake wa Bremen alikuwa amemtafutia vyumba viwili karibu naye, na alitaka jibu kabla ya baridi.

"Utakwenda?" nikamwuliza.

"Gesche akisema neno moja, sendi."

"Na asiposema?"

"Basi nakwenda."

"Si umwambie wewe, mwanamume!"

Akavua kofia, akaitazama ndani. "Miaka miwili nakunywa chai yake, Hiske. Nimwambie nini tena?"

Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo nilijialika. Eilert alikunywa cha kwanza, akataja Bremen. Gesche akasema Bremen ni mji mzuri. Alikunywa cha pili, akasema vile vyumba vina dirisha linalotazama bustani. Gesche akasema dirisha zuri ni jambo zuri. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, akausogeza. Alikunywa cha tatu polepole, akaitafuna sukari iliyobaki. Kisha akakichukua kijiko na kukitia kikombeni.

Kililia ting, basi. Gesche alikuwa ameshainua birika. Akalishusha.

"Ahsante kwa chai," akasema Eilert.

"Karibu tena," akasema Gesche.

Tulisikia baiskeli yake ikishuka njia ya tuta. Nilimgeukia wifi yangu nikiwa nimejaa hasira mpaka kooni, nikamkuta anaosha vikombe. Aliviosha, akavipangusa, akavipanga. Kile cha Eilert alikipangusa muda mrefu kuliko vingine, lakini usoni hapakuwa na kitu. Nikarudi kwangu nikalia mimi, kwa niaba yao wote wawili.

Wiki kadhaa sikwenda kwake. Aliyenifuata ni yeye, kavaa koti juu ya aproni, kasimama mlangoni kwangu hataki kuingia.

"Nimemkatalia," akasema.

"Nani?"

"Bi Klages." Huyo ndiye mhariri wake. "Nimeandika kitabu, binti wa mfalme anaolewa na dereva wa gari la farasi. Yule aliyekuwa anamvusha mito tangu mwanzo. Bi Klages kanipigia simu. Anasema dereva ni Msaidizi, wasomaji watatukana. Anasema nimfanye dereva mtoto wa mfalme aliyeibiwa akiwa mchanga, mambo yataisha."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, huyu ni dereva. Baba yake alikuwa dereva. Kama hamtaki, nirudishieni."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumbishia mhariri hata juu ya rangi ya gauni. Wachapishaji wakamrudishia kweli. Na mimi, badala ya kumpa pole, nikasema lililokuwa linanikaba:

"Hongera, wifi. Umemkatalia wa kumkatalia. Sasa wa kumkubalia yuko Bremen."

Nilidhani atakasirika. Alisimama tu, upepo unampeperushia aproni.

"Najua," akasema. "Kituo cha pili. Binti anakataa mwito. Nimekiandika maisha yangu yote, na kila mara namfanya alie, apige kelele, afunge mlango. Sikujua kwamba mtu anaweza kukataa kwa kukaa tu."

Nikachukua koti langu, nikamrudisha kwake na kumkalisha mbele ya simu. Ile simu yake ya zamani hupaza sauti, ukiwa jikoni unasikia pande zote mbili.

"Buss," ikasema simu.

"Eilert, ni Gesche."

"Moin," akajibu, salamu yetu ya saa zote.

"Nisikilize." Alikuwa amekaa wima kama yuko kanisani. "Mimi sisikii kitu. Tangu Ubbo afe sisikii kitu, wala kwako, wala kwa yeyote. Nilikuwa nangoja nisikie kwanza, ndipo niseme. Naona nitangoja mpaka nizikwe."

Kule Bremen tramu ikapita, ikasikika simuni. Nilishika ukingo wa meza.

"Maji ya chai umeshayabandika?" akauliza Eilert.

"Bado."

"Basi usiyabandike sasa hivi. Treni inafika huko saa tisa."

Akakata. Kwetu maneno yakiisha, yameisha.

Nilimtazama wifi yangu. Sikuweza kujizuia. "Moyo umedunda?"

Alifikiri, akajichunguza kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta miwani yake mfukoni.

"Hapana," akasema.

Kisha akainuka kwa lile goti lake, akaanza kutandika meza ingawa saa tisa ilikuwa mbali. Akaleta krimu na bakuli la sukari. Akaweka kikombe changu, sahani na kijiko, akaweka vyake, akaweka vya Eilert. Akasimama akivitazama. Akakichukua kile kijiko cha Eilert, akakirudisha kwenye droo na kuifunga.